Maarifa Hayakutosha: Stanford Ilivyounda Kozi ya Wenye Magonjwa ya Kudumu

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kate Lorig, muuguzi na mtafiti katika Chuo Kikuu cha Stanford kule California, alianza kuandaa mafunzo kwa watu wenye baridi yabisi. Kozi yenyewe haikuwa na maajabu: wiki sita, saa mbili kila wiki, mazoezi ya viungo, mbinu za kulegeza mwili, maelezo kuhusu dawa. Matokeo yalikuwa mazuri. Waliohudhuria waliripoti maumivu kidogo kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo waandaaji wengi wa mafunzo hawalifanyi wakishapata matokeo mazuri: wakauliza nafuu hiyo imetoka wapi.

Kozi ilikuwa imeandikwa kwa mantiki inayotawala elimu ya afya karibu kila mahali. Mweleze mtu, ataelewa, akielewa, atatenda, akitenda, atapata nafuu. Ikiwa ndivyo, basi aliyefanya mazoezi zaidi ndiye ambaye maumivu yake yangepungua zaidi. Takwimu zilikataa. Uhusiano kati ya walichokifanya watu na nafuu waliyoipata ulikuwa dhaifu, na mwaka 1989 kundi la Lorig lilichapisha makala iliyosema wazi kwamba mabadiliko ya tabia hayatoshi kueleza faida za kozi yao. Ni nadra mwandishi wa mtaala kuandika hivyo kuhusu mtaala wake mwenyewe.

Waliwarudia wahudhuriaji na kuwahoji. Waliopata nafuu walisema wanahisi kuna kitu wanachoweza kuufanyia ugonjwa wao. Wasiopata nafuu walisema hakuna la kufanya. Jibu la fumbo hilo lilikuwa katika chuo kilekile, idara nyingine. Mwanasaikolojia Albert Bandura alikuwa amechapisha mwaka 1977 nadharia yake kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza. Alisema imani hiyo hujengwa kwa njia nne: kulijaribu jambo na kulifaulu, kumwona mtu wa hali yako akilifaulu, kuzisoma upya dalili za mwili wako, na kutiwa moyo na wengine. Kozi ikapangwa upya kufuata njia hizo. Mada nyingi zilibaki zilezile. Kilichobadilika ni kile kinachofanyika darasani. Mwaka 1993, ufuatiliaji wa miaka minne wa waliopitia kozi ya baridi yabisi ulionyesha kwamba maumivu yamepungua kwa wastani wa asilimia 20 na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40, ilhali ulemavu wa viungo umeongezeka kwa asilimia 9. Yaani ugonjwa uliendelea na safari yake, na bado watu waliumia kidogo kuliko mwanzo.

Ufundi mwingi umo katika mpango kazi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Katika kila kikao, kuanzia cha kwanza, kila mtu anatamka hadharani atakachofanya wiki hiyo. Masharti ni makali kuliko yanavyoonekana. Liwe jambo analolitaka yeye mwenyewe, si lile analolitaka daktari wala lile ambalo watu wa nyumbani wamechoka kulisema. Liwe tendo: “kupunguza uzito” halipokelewi, “kutokula chochote baada ya saa mbili usiku” linapokelewa. Aseme kiasi gani, wakati gani, na siku ngapi. Wawezeshaji humshauri achague siku tatu au nne badala ya saba, maana anayeahidi kila siku akiteleza Jumanne huona wiki nzima imeharibika. Mwisho anaulizwa: kuanzia sifuri hadi kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utautimiza mpango huu wote? Akitaja namba iliyo chini ya saba, mpango unarudi mezani. Hakemewi. Anaulizwa anaona nini kitamkwamisha, kisha mpango unapunguzwa au kugeuzwa hadi namba ipande.

Kwa aliyezoea semina zetu za afya, zenye slaidi na chai ya saa nne, hiyo saba inaweza kuonekana mchezo wa watoto. Mimi naiona ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Inamkinga mtu asiondoke na ahadi kubwa itakayomwaibisha mbele ya wenzake wiki ijayo. Papo hapo inapima, kila wiki na kwa kila mhudhuriaji, kitu kilekile ambacho nadharia inasema ndicho kinachobeba mabadiliko. Kikao kinachofuata hufunguliwa kwa mrejesho. Aliyetimiza anasema ametimiza, wanaendelea. Aliyekwama anaulizwa kama angependa kusaidiwa. Akikubali, kikundi kinabungua bongo, mawazo yanaandikwa bila kujadiliwa wala kukosolewa, naye anachagua moja au mawili ya kujaribu. Mwezeshaji hatakiwi kuwa wa kwanza kutoa jibu. Tena yeye mwenyewe ana mpango wake wa wiki, na hutangulia kuutaja ili wengine waone unavyofanywa. Wapo wawezeshaji wanaokwama, na hilo halionekani kuwa dosari: mhudhuriaji anamwona mtu wa hali yake akianguka na kuinuka, na hiyo ndiyo njia ya pili ya Bandura.

Ndiyo maana suala la nani afundishe lilikuwa zito. Darasa huwa na watu kumi hadi kumi na sita, na wawezeshaji wawili ambao kwa kawaida angalau mmoja wao anaishi na ugonjwa wa kudumu. Wengi si watu wa tiba. Mwaka 1986 Lorig na wenzake walichapisha ulinganisho wa madarasa ya baridi yabisi yaliyofundishwa na wataalamu na yale yaliyofundishwa na watu wa kawaida. Waliofundishwa na wataalamu walitoka wakijua zaidi. Waliofundishwa na watu wa kawaida ndio waliotumia zaidi mbinu za kulegeza mwili, na ulemavu wao ulielekea kupungua. Sampuli ilikuwa ya watu 100, kwa hiyo tusiitwishe mzigo isiouweza. Hata hivyo inafaa kuikumbuka kila mara mtu anapopendekeza mtihani wa maswali kumi kama kipimo cha mafunzo ya wagonjwa: kwa mtihani huo, darasa la wataalamu lingeshinda.

Uamuzi wa kuwapa watu wa kawaida kazi ya kufundisha ulikuwa na bei, nayo ni mwongozo wa mwezeshaji. Kwa kuwa anayefundisha hana mafunzo ya tiba, kila kikao kimeandikwa kwa undani mkubwa: nini kisemwe, kwa mpangilio gani, kwa dakika ngapi, chati ipi itundikwe ukutani. Anafunzwa kwa siku nne, na sehemu ya mafunzo hayo ni kufundisha mbele ya wenzake. Hatoi ushauri wa dawa. Haongezi mada, hata kama shangazi yake aliponywa na mzizi fulani. Kuna kejeli hapa: kozi inayokusudia kumpa mgonjwa uhuru inamfunga mwalimu kamba. Wakosoaji wameiona, na si uongo. Lakini ukitazama muda unavyogawanywa, utaona kinachozuiwa hasa ni mwezeshaji kuhubiri. Nafasi anayonyimwa yeye inakwenda kwa wahudhuriaji.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya ujasiri zaidi. Mzee mwenye baridi yabisi mara nyingi ana ugonjwa wa moyo pia, au mapafu. Aende madarasa matatu? Wanasosholojia Juliet Corbin na Anselm Strauss walikuwa wameeleza katika kitabu chao cha 1988 kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kudumu ana kazi tatu: kuushughulikia ugonjwa wenyewe, kuyapanga upya majukumu yake ya maisha, na kukabiliana na hasira, hofu na huzuni zinazokuja nao. Elimu ya hospitali kwa kawaida huishia kwenye ya kwanza, na hiyo ndiyo inayotofautiana zaidi kati ya ugonjwa na ugonjwa. Mbili zilizobaki zinafanana sana. Kundi la Stanford likaweka watu wenye magonjwa mbalimbali katika chumba kimoja, likarefusha kikao hadi saa mbili na nusu, na likajenga mada juu ya yale wanayoshirikiana: uchovu, usingizi, kupumua, chakula, jinsi ya kuzungumza na daktari ambaye ana dakika chache.

Jaribio lake lilichapishwa mwaka 1999. Watu 952 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, kiharusi au baridi yabisi, waligawanywa bila mpangilio, wengine wakaanza kozi na wengine wakasubiri miezi sita. Walioanza walifanya mazoezi zaidi, walizungumza vizuri zaidi na madaktari wao, uchovu ulipungua, na walilazwa hospitalini kwa siku chache zaidi. Maumivu na shida ya kupumua havikutofautiana na vya waliosubiri. Msomaji makini atasita hapa. Kozi iliyoanza kwa sifa ya kupunguza maumivu ilipopanuliwa haikuyapunguza. Nadhani hiyo ndiyo bei ya upana: darasa la ugonjwa mmoja linaweza kuingia ndani ya viungo vinavyouma, darasa la magonjwa yote linabaki kwenye maisha yanayoyazunguka.

Kwa wazungumzaji wa Kihispania hawakutafsiri. Kozi iitwayo Tomando Control de su Salud ilitayarishwa kwa Kihispania tangu mwanzo, baada ya kuwasikiliza walengwa, na jaribio lake lilichapishwa mwaka 2003. Kwa wenzangu wanaopokea vitini vya Kiingereza na kuagizwa wavigeuze kufikia Ijumaa, hili ni la kuzingatia.

Uingereza ndiko programu ilikopata umaarufu wa kiserikali, na ndiko ilikotwishwa ahadi isiyo yake. Mwaka 2001 Idara ya Afya ilichapisha waraka kuhusu “mgonjwa mtaalamu”, na kozi ya Stanford ikawa msingi wa Expert Patients Programme ndani ya huduma ya afya ya taifa. Matumaini yalikuwa mawili: wagonjwa waishi vizuri zaidi, na foleni za madaktari zipungue. Jaribio la watu 629 lilipochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba wahudhuriaji walijiamini zaidi na kuwa na nguvu zaidi, lakini matumizi yao ya kawaida ya huduma za afya hayakupungua. Wachumi wa afya waliona programu bado inaelekea kuifaa gharama yake, kwa sababu ya ubora wa maisha. Magazeti yangependa ushindi au anguko, na hapa hakukuwa na lolote kati ya hayo. Mtu aliyejifunza kumuuliza daktari maswali ana sababu nzuri ya kwenda kumuuliza. Kumhesabu kama hasara ni kutumia rula isiyofaa.

Kasoro ya kweli ilionekana mashariki mwa London. Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio lililohusu watu wazima 476 wenye asili ya Bangladesh waishio Tower Hamlets, wakiwa na kisukari, ugonjwa wa moyo, wa kifua au baridi yabisi. Walifundishwa kwa Kisilheti na wawezeshaji wa jamii yao. Kujiamini kuliongezeka na namna ya kujitunza ikawa bora, lakini karibu nusu tu ndio waliofika vikao vitatu au zaidi kati ya sita. Kule California wahudhuriaji wengi walijitokeza wenyewe baada ya kuona matangazo. Walikuwa na hamu, nafasi na nauli. Wiki sita mfululizo ni ratiba ya mtu ambaye wiki zake zinafanana.

Mpango kazi nao una sharti lisiloandikwa: kwamba mtu akiamua, uwezo upo. “Nitakula mboga mara nne” ni suala la nia kwa mwenye mboga. Jaribio linaloligusa hilo kwa karibu kuliko mengine ninayoyajua lilifanyika magharibi mwa Kenya chini ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini. Halikuwa kozi ya Stanford. Watu 2,890 wenye kisukari au shinikizo la damu lililo juu waligawanywa katika makundi manne: huduma ya kawaida, huduma ya kawaida pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa, matibabu yanayotolewa kikundini kijijini, na vyote viwili kwa pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja shinikizo la juu la damu lilishuka kwa milimita 11.4 za zebaki katika huduma ya kawaida, 14.8 kwa waliopewa vikundi vya kuweka na kukopa, 14.7 kwa waliotibiwa kikundini, na 16.4 kwa waliopata vyote.

Tofauti hizo, zikishasahihishwa kitakwimu, hazikuvuka mpaka wa kusema kwa uhakika kwamba si za bahati, na waandishi wenyewe walizungumza kwa tahadhari. Bado nazirudia mara kwa mara namba mbili za katikati. Kikundi cha kukopeshana peke yake kilikaribiana na kikundi cha matibabu peke yake, na mikopo ilielekea kuwafaa zaidi wale wenye mali kidogo. Yeyote anayeandika mtaala wa kujisimamia kwa ajili ya Bungoma au Busia angefanya vizuri kuamua kwanza nani atashika daftari la hisa, ndipo aandike kikao cha kwanza.