Miguu na Mikono

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba ambazo wengi wetu tunazijua kama mahali pa kumngojea mtu aliyechelewa. Maneno yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Ebu tuyasome kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote, kwa makini na bila heshima ya bure.

Kwa ufupi, yanawakumbuka Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, yanawaita wabeba mizigo miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina la mbebaji hata mmoja halipo.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Kipling unapoanzia. Miguu haina jina, mikono pia haina. Alidhani anawasifu, kumbe ameeleza sawasawa jinsi serikali ilivyowaona. Sheria ya 1915 iliruhusu wanaume wachukuliwe kwa lazima, na mwaka wa 1917 John Ainsworth akasimamia msako mkubwa zaidi. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Nairobi ikabaki na Kariokor, jina la kikosi chao.

Babu yake nyanyangu alienda na hakurudi. Nimemtafuta kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Barua ya chuo sina, niliacha mwaka wa pili, lakini wakati ninao. Nilichopata ni hesabu: wanaume wangapi walitakiwa, wangapi walitolewa. Hata kama jina lake liliandikwa mahali, karani aliliandika kwa sikio lake, na sisi wenyewe nyumbani tunalitamka kwa njia tatu. Kipande, chenye namba na alama za vidole, kilianza kutumika baada ya vita. Waliokufa hawakukingojea.

Kuna jambo moja linaloniudhi kuliko yote. Mishahara ya wabebaji wengi waliokufa au kupotea haikulipwa, pesa zikabaki kwa serikali, eti warithi hawapatikani. Sasa rudi usome ile ahadi ya Kipling. Wana wasiopatikana siku ya malipo wanapatikana vizuri sana siku ya kukumbuka. Kazi ya kukumbuka ni bure, si ndio?

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, pengine hata 350,000, hawakuadhimishwa kwa majina, au hawakuadhimishwa kabisa. Ni maandishi makavu, lakini nayapenda kuliko ya Kipling, maana angalau yanaonyesha shimo lilivyo kubwa. Kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya watu 234,000. Babu naona yumo humo.

Nyanya hajawahi kuisoma ripoti hiyo. Yeye anajua kwamba babu yake aliondoka akidai mbuzi mmoja, dume jeusi, na boma linalodaiwa anaweza kukuonyesha kwa kidole akiwa amekaa mlangoni pake.