Fundi Anayeuliza Kabla ya Kushika Spana

"Lilizima mara moja kama mtu kafunga swichi, au lilianza kwa kumisi?" Fundi mzuri wa dizeli huanza na swali hilo, na haliachi mpaka apate jibu la kueleweka. Boneti bado imefungwa, spana zimo mfukoni. Wasafiri wanamtazama kwa wasiwasi wakidhani anapoteza muda, kumbe sehemu ngumu ya kazi ndiyo hiyo anayoifanya.

Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche. Tangu Rudolf Diesel alipoonyesha mashine yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni ni ileile: hewa ibanwe mpaka iwe moto mkali, kisha mafuta yapulizwe ndani yawake yenyewe. Katika injini ya 1HZ, ile ya silinda sita ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, hewa hubanwa zaidi ya mara 22 na joto lake hupita nyuzi 500. Injini ya namna hiyo ikishawaka, umeme inaohitaji ni wa waya mmoja tu, unaoishika wazi vali ndogo ya sumaku kwenye pampu ili mafuta yapite. Waya ukikatika, injini inakufa papo hapo. Mafuta yakipungua mambo ni tofauti: gari linamisi, linaishiwa nguvu, nguvu zinarudi kidogo, ndipo linazima. Fundi anayelijua hilo ameshapunguza nusu ya mashaka yake kwa kusikiliza tu.

Niliiona kazi hii ikifanywa kwa ustadi katika mlima Kitonga, barabara ya Iringa. Land Cruiser ya zamani, iliyogeuzwa kuwa gari la kambi, ilikuwa imesimama kwenye mpando: kitanda ndani, jiko la gesi, hema juu ya paa, tangi la maji limefungwa chini ya bodi. Dereva na mpishi walikuwa wanakwenda Hifadhi ya Ruaha. Matawi yalishatandazwa barabarani kuwaonya wenye malori. Fundi alifika kwa bodaboda kutoka Ilula.

Dereva, mtu mzima, alishakata shauri. "Fundi, pampu imekufa hiyo."

"Inawezekana, mzee. Lilizimaje?"

"Ghafla tu."

Fundi akamgeukia mpishi. "Na wewe mama, ulisikia nini?"

Mama akasema kwamba tangu walipoipita Ruaha Mbuyuni gari lilikuwa linavuta, linaachia, linavuta tena. Alijua kwa sababu masufuria yake yaligongana kila liliposhtuka. Dereva alinyamaza. Ushahidi wa masufuria ulielekea kwenye mafuta, lakini fundi hakuridhika na maneno matupu. Alifungua swichi na kuifunga, sikio lake karibu na pampu, mpaka akasikia vali ya sumaku ikigonga. Umeme unafika. Hapo ndipo alipoachana na waya.

Kisha akamwambia dereva apige stata, naye akaenda kusimama nyuma, kwenye ekzosi. Hapa ndipo ninapowavulia kofia watu hawa. Stata ikizungusha injini kwa uzito unaolingana, ujue mgandamizo upo na mkanda wa taiming haujakatika. Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekwenda na huenda vali zimepigwa. Isipozunguka kabisa, ama betri haina nguvu ama injini imejam. Hii ilizunguka vizuri. Na moshi? Ungetoka mweupe, angejua mafuta yanaingia ila hayawaki. Haukutoka hata kidogo. Maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda. Hadi hapo alikuwa hajalegeza nati hata moja.

Alichukua dizeli kidogo kutoka kwenye filta, akainusa, akaisugua kwa vidole. Si mbwembwe. Pampu ya aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa yakichanganywa humo, vyuma vyake husagana. Uchakachuaji huo ndio uliowafanya wadhibiti wa nishati nchini Tanzania, EWURA, waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Dizeli hii ilikuwa safi.

Akaomba dumu. Akalitia dizeli, akaliweka juu ya paa, akashusha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu. Akatoa hewa, stata ikapigwa, injini ikaunguruma kama haijawahi kuugua. Pampu nzima. Nozeli nzima. Kosa liko nyuma, kati ya pampu na tangi.

Kulipata kosa hilo kunataka subira, kwa sababu pampu huyavuta mafuta kutoka kwenye tangi. Mpira wenye ufa mdogo hauvujishi tone, unafyonza hewa. Ukiupapasa ni mkavu, ukiutazama ni mzima. Fundi alitoa kipande cha mpira unaoonyesha, akakiunga kabla ya filta, akarudisha mafuta ya tangini na kuwasha. Mapovu yakapita. Akarudi nyuma kiungo kwa kiungo, hadi chini ya lile tangi la maji. Chuma kilicholishikilia kilikuwa kimesugua mpira wa dizeli muda mrefu. Mlimani injini ilitaka mafuta mengi, mvuto ukaongezeka, ufa ukafunguka. Alikata kipande kibovu, akaunganisha kwa bomba fupi na klipu mbili, akaufunga mpira mbali na kile chuma.

Injini za siku hizi zina kompyuta, na mafuta yake hubanwa hadi bar 1,600 na kupita. Usithubutu kulegeza bomba lake injini ikizunguka, maana mchirizi wake hutoboa ngozi. Kipimo cha kompyuta kitakuambia presha iko chini. Hakitakuambia kwamba aliyefunga tangi la maji aliufunga mpira wa dizeli vibaya. Bado anatakiwa mtu wa kumuuliza mama mpishi.

Tunawapunja mafundi wa aina hii. Tunalipia spea na jasho, na ile saa ya kufikiri tunaihesabu kuwa bure, ndiyo maana wengi huona afadhali kung'oa pampu kwanza. Siku gari lako litakapozima, muulize fundi amepima nini kabla hujakubali kununua chochote. Na akikueleza hatua kwa hatua, mlipe uchunguzi wake kama unavyolipa pampu.