Valvu za Namba Moja, Sauti Mbili

Ziweke mezani valvu mbili za amplifaya, aina ya ECC83, moja ya Mullard iliyotengenezwa Blackburn, Uingereza, na nyingine ya Telefunken ya Ujerumani. Vitabu vya ufundi vinasema ni kitu kimoja. Zote zina pini 9, zote zimebeba triodi mbili ndani ya kioo kimoja, zote zinahesabiwa kukuza volti mara 100, na zote huwashwa kwa volti 6.3 au 12.6 kulingana na fundi alivyozifunga. Ukichomoa hii ukachomeka ile, amplifaya itafanya kazi yake bila kulalamika. Hata hivyo, kuna watu ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakikaa mbele ya spika wakizilinganisha, na mimi naiheshimu kazi yao, kwa sababu tofauti wanayoitafuta ipo. Chanzo chake ni mikono iliyoziunda.

Blackburn ni mji wa Lancashire uliokuzwa na viwanda vya pamba. Kiwanda cha Mullard kilifunguliwa hapo mwaka 1938, na katika miongo iliyofuata kiliajiri maelfu ya watu. Wengi wa waliounganisha viungo vya ndani walikuwa wanawake, na viungo hivyo ni vya kushangaza kwa udogo. Katikati kuna kathodi, kijimrija cha nikeli kilichopakwa unga mweupe wenye bariamu na strontiamu. Kikipata moto, elektroni zinaanza kutoka. Kathodi imezungukwa na gridi, yaani waya mwembamba mno uliozungushwa kwenye nguzo mbili, pindo baada ya pindo, kwa nafasi ambazo hazitakiwi kupishana. Nje ya gridi kuna anodi, bati la kijivu linalozipokea elektroni. Yote haya hushikwa juu na chini na vipande vya ulanga vyenye matundu, halafu hufunikwa kioo na hewa ikanyonywa. Mwisho, kiasi kidogo cha bariamu hupashwa moto ghafla mle ndani kigeuke mvuke, ili kinase gesi iliyosalia. Ndiyo ile rangi ya fedha unayoiona kichwani mwa valvu. Siku ukiiona imegeuka nyeupe, ujue hewa imeingia na valvu hiyo haina tena maisha.

Nafasi kati ya gridi na kathodi ni sehemu ndogo tu ya milimita. Gridi ikisogea kidogo, au pindo moja likilegea, tabia ya valvu inabadilika: ukuzaji wake, kelele zake, na namna inavyolipinda umbo la mawimbi ya sauti linapokuwa kubwa. Kiwanda kimoja kilichagua anodi ndefu, kingine fupi. Telefunken za awali zilikuwa na anodi zenye mbavu, za baadaye zikawa laini. Kila uamuzi wa mhandisi na kila tendo la mfanyakazi vimefungiwa mle ndani ya kioo, na baada ya miaka 60 bado unaweza kuvisikia.

Mlinganishaji makini hujifunza kwanza kusoma. Jina lililochapwa kwenye kioo halitoshi, maana viwanda viliuziana valvu na kila kimoja kikaweka nembo yake. Ukweli umeandikwa chini, karibu na pini. Familia ya Philips, ambayo Mullard ilikuwa ndani yake, ilichora alama ndogo za kijivu. Mstari wa kwanza hutaja aina na toleo, wa pili hutaja mahali na wakati. Ukikuta B4H2, B ni Blackburn, 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, H ni mwezi wa nane, na 2 ni wiki ya pili. Pembetatu mahali pa B ingekuwa Heerlen, Uholanzi. Telefunken nao waliacha umbo la almasi ndani ya kioo chenyewe, kitakoni, katikati ya pini. Kitu kilichouzwa kama bidhaa ya kawaida ya dukani kimebeba hadi wiki ya kuzaliwa kwake!

Kisha ndipo kinakuja kipimo, na hapa subira ndiyo ufundi wenyewe. Sikio la binadamu hudanganyika kirahisi: sauti iliyo juu kidogo huonekana bora, safi zaidi, yenye uhai zaidi. Kwa hiyo mtu wa kweli wa kazi hii huunganisha mita kwenye nyaya za spika, akapiga mlio mmoja wa hezi 1000, akasawazisha volti hadi tofauti isizidi asilimia 1 hivi. Valvu huachwa zipate moto kwa dakika ishirini. Na kwa kuwa kumbukumbu ya sauti hufifia haraka, huku kubadilisha valvu kukihitaji kuzima na kungoja zipoe, wapo waliobuni njia ninayoipenda kuliko zote. Chagua rekodi ya mono, ambamo chaneli ya kushoto na ya kulia hupata kitu kilekile. Weka Mullard kushoto, Telefunken kulia. Sikiliza kila upande peke yake, halafu zibadilishane nafasi usikilize tena. Tofauti ikihama pamoja na valvu, umeisikia valvu. Ikibaki upande uleule, ulichosikia ni spika au chumba.

Mono si haba kwetu. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba wa Morogoro zinafaa sana kwa kazi hii, kwa vile zina magitaa yanayodonolewa, ala za kupuliza, na sauti ya mwimbaji imesimama mbele. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad naye aliporekodi Bombay mwaka 1928, kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeanza miaka mitatu nyuma yake, na umeme wa sauti wa enzi hiyo ulipita kwenye valvu. Transista, mrithi wa valvu, ilikuwa bado: ilizaliwa mwishoni mwa 1947, katika maabara za Bell.

Je, kinasikika nini hasa? Hukumu yangu ni kwamba Mullard ya Blackburn, ikiwa nzima, huipa sauti ya mwimbaji mwili; kifua kinasikika, na ncha kali za ala za kupuliza zinalainika. Telefunken yenye anodi laini hukaa kimya zaidi nyuma ya muziki, na kila mdono wa gitaa una mwanzo na mwisho wake. Kwa taarabu, penye kanuni na fidla nyingi kwa pamoja, ningechagua Telefunken. Kwa mwimbaji na gitaa moja, Mullard. Lakini tofauti hizi ni ndogo, na anayesema ni kubwa kama usiku na mchana anaidhulumu kazi nzuri kwa kuisifu kupita kiasi. Katika amplifaya inayorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kujisahihisha, hupungua zaidi. Huonekana wazi zaidi pale mwanzoni kabisa, kwenye sehemu ya santuri, ambako sindano hutoa milivolti chache tu, na kila mkwaruzo wa valvu hukuzwa pamoja na wimbo.

Hali ya valvu nayo ina uzito zaidi kuliko jina. ECC83 iliyochoka ya kiwanda mashuhuri itashindwa na mpya inayotoka leo Slovakia, ambako kampuni ya JJ bado inaziunda. Ndiyo maana wazoefu hugonga kioo cha valvu taratibu kwa kitako cha penseli. Ikilia kwenye spika, gridi imelegea, na hiyo haifai kukaa mwanzoni mwa mzunguko hata iwe na nembo gani.

Nawaomba jambo moja wenye redio za zamani ndani ya stoo. Redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 zina valvu ya EL84 mwishoni mwa mzunguko, ileile inayotafutwa na wapenzi wa amplifaya na wapiga gitaa hadi leo. Msiiwashe redio iliyolala miaka mingi kabla fundi hajaipima, kwani ndani yake umeme hupanda hadi mamia ya volti na kapasita zinaweza kuubakiza hata baada ya kuzima. Na msiitupe. Mpeni fundi azichomoe valvu zikiwa baridi, azifunge moja moja kwa kitambaa, aandike pembeni namba ya kila moja. Maandishi yaliyo kwenye kioo msiyafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, maana rangi ile hutoka mara moja, na fundi ajaye atakosa mahali pa kuanzia.