Afisa, Mchungaji na Hamali: Urafiki wa Vitani katika Afterlives

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), imezoeleka kusomwa kama riwaya ya pwani. Makala haya yanaisoma kutoka Migori na Homa Bay, ambako Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika mapema. Mnamo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka na kupigana na Waingereza Kisii, makao ya wilaya ya Kavirondo Kusini iliyojumuisha sehemu hizo mbili.

Hoja yetu inahusu uhusiano wa mhusika Hamza, askari wa Wajerumani, na Wazungu wawili. Afisa wake anamfanya mtumishi, anamfundisha Kijerumani, na anamwona kama taswira ya ndugu yake mdogo, Hermann, aliyekufa motoni. Baadaye Hamza anakatwa upanga na sajini, naye anaachwa katika misheni ya Kilemba, ambako mchungaji na mkewe wanamuuguza. Msomaji mwepesi atauita huu urafiki. Lakini je, mtu anaweza kuwa rafiki wa anayemtandikia kitanda? Gurnah halijibu swali hili waziwazi, na tunadhani amefanya vyema. Afisa anampenda Hamza kwa ajili ya marehemu wa kwao. Nayo tiba ya Kilemba inafika kwenye nyonga, na inaishia hapo.

Moyo unapona baadaye, tena kwa lugha. Hamza anaitafsiri mistari michache ya Schiller kwa Kiswahili na kumpa Afiya. Kijerumani alichofunzwa kwa mzaha na kwa hofu kambini kinageuka kuwa posa.

Hata hivyo, fadhila hizi zinamfikia askari aliyefundishwa kusoma, hamali hazimfikii. Wapagazi wanakufa pembezoni mwa masimulizi, wengi bila majina. Kwa msomaji wa Nyanza Kusini pengo hili si dogo, kwani wanaume wengi wa huko walichukuliwa na Waingereza kuingia Carrier Corps, kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo (wangapi wanaonunua nyanya pale hulikumbuka hilo?). Margaret Ogola, katika The River and the Source (1994), anampa jina Obura, kijana wa Kijaluo anayekufa katika vita hivyo, ila kifo chenyewe kinaletwa kijijini kama habari tu. Riwaya ya Kiswahili inayomlaza hamali wa Karungu kwenye kitanda kama kile cha Kilemba, na kumsikiliza anapoweweseka kwa Dholuo, hatujaisoma bado.