Baada ya Amina, Nani Anashika Upawa?

Katika Maombi ya Waamini, dhambi ya ubaguzi wa rangi huwa inasafiri mbali. Tunawaombea watu weusi wa Marekani. Tunawaombea wachezaji wa Kiafrika wanaozomewa kwenye viwanja vya mpira vya Ulaya. Tunawaombea wote wanaochukiwa kwa ajili ya rangi yao, popote pale walipo. Tunaitikia, kisha kwaya inaanza wimbo wa matoleo. Sala hizo ni njema na tusiziache. Kasoro yake ni kwamba hazimgusi mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi siku hiyo.

Makala hii inapima namna Kanisa letu Katoliki lilivyopambana na ubaguzi wa rangi kwa sala na kwa kazi za haki, hasa katika Afrika. Ninaandika kama mwamini anayelipenda Kanisa. Mwamini naye amepewa akili ya kupima, na kipimo nitakachotumia kinatoka katika Maandiko Matakatifu.

Kanisa la kwanza lilikutana na ubaguzi likiwa bado changa. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba wanafunzi wa Kiyunani waliwanung'unikia wale wa Kiebrania, kwa sababu wajane wao walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Tuangalie vizuri mitume walifanya nini. Hawakuwakaripia wanung'unikaji kuwa wanaleta mgawanyiko. Waliita jumuiya yote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakasali, wakawawekea mikono. Sasa tuyasome majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kazi ya kugawa chakula ilikabidhiwa watu wa upande ule uliolalamika. Kwa lugha ya jikoni, upawa ulihama mkono.

Hicho ndicho kipimo changu. Kila juhudi ya Kanisa dhidi ya ubaguzi tuiulize maswali matatu. Je, lalamiko la aliyeonewa lilisikilizwa? Je, watu walisali? Na baada ya Amina, nani alishika upawa?

Tuanze na Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanza misheni pale. Waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao wakiwa watoto walioletwa kutoka bara, wakawajengea kijiji cha watu huru. Fedha zilitoka kwa waamini wa Ulaya, zikiwemo sadaka za watoto wadogo kupitia shirika la Utoto Mtakatifu. Tusiidharau kazi hiyo. Mtoto aliyekuwa akiuzwa sokoni alibatizwa, akapewa jina, shule na ufundi. Wapo wazee wa imani katika nchi hii ambao mizizi yao inaanzia pale.

Hata hivyo, tukiuliza swali la tatu, jibu linasita. Waliokombolewa waliishi kwa ratiba ya misheni. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwaita kusali. Hata ndoa zao zilifungwa chini ya uangalizi wa mapadre. Baadhi yao walinung'unika, na wengine waliondoka bila kuaga. Mmisionari alimpenda yule mtu mweusi kwa moyo wote, lakini alimpenda kama mtoto ambaye hatakua. Sala ilikuwepo, tena nyingi. Kazi ilikuwepo, tena ngumu. Upawa ulibaki mkono ule ule.

Upande wa pili wa Ziwa Viktoria, huko Masaka, Uganda, mambo yalikwenda tofauti. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walianza kuwaachia mapadre wazalendo parokia zao mapema, kabla watu wengi hawajaamini kwamba jambo hilo linawezekana. Tarehe 29 Oktoba 1939 Papa Pius XII alimweka wakfu Joseph Kiwanuka kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa jimbo la Kilatini aliongoze. Ulaya ilikuwa imeingia vitani wiki chache tu zilizopita, na serikali ya Ujerumani ilikuwa inahubiri kwamba damu fulani ni bora kuliko nyingine. Katika siku hizo hizo, Roma ilimkabidhi Mwafrika fimbo ya uchungaji. Na tarehe 28 Machi 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya gavana Mwingereza, Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa kuwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Huo ni mfano wa Kanisa kutangulia mbele ya dola, nao unastahili kusimuliwa kwa watoto wetu wa mafundisho. Kilichobomoa uongo wa ubaguzi hapo ni cheo chenye mamlaka halisi, kilichotolewa hadharani.

Kuna mfano mwingine ambao unatufundisha kwa uchungu. Mwaka 1957 maaskofu wa Afrika Kusini walitamka kwamba siasa ya apartheid ni uovu kwa asili yake yenyewe. Neno hilo lilikuwa zito. Tena walikuwa wakweli kiasi cha kukiri kwamba utengano ulikuwemo ndani ya nyumba yao wenyewe, katika shule, seminari na hospitali za Kanisa. Ni maungamo mazuri. Lakini ilibidi kufika miaka ya 1976 na 1977 ndipo shule za Kikatoliki zilizokuwa za Wazungu zilipoanza kuwapokea watoto weusi kwa uwazi, kinyume cha sheria ya nchi, masista wakiwa mstari wa mbele. Kati ya tamko na mlango kufunguliwa ilipita karibu miaka ishirini. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tamko alikuwa ameshamaliza umri wa shule mlango ulipofunguka. Kwake yeye, waraka wa maaskofu ulikuwa karatasi.

Sisemi hayo ili tuwacheke. Nasema kwa sababu ugonjwa huo ni wetu sote: kuamini kwamba tukishatamka, tumeshatenda. Sala na tamko vinafanana katika jambo moja. Vyote viwili ni ahadi, na ahadi inadai tarehe.

Mkoa wetu wa Mbeya una historia yake katika jambo hili, nayo haisimuliwi vya kutosha. Mwezi Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wetu, Nelson Mandela alitoka Afrika Kusini kwa siri, akapita Bechuanaland na kutua Mbeya kwa ndege ndogo. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza jinsi alivyoshangaa hotelini kuona weusi na weupe wameketi pamoja wakizungumza. Hakuwa amewahi kuwa mahali pa umma pasipo na mstari wa rangi. Tena aliona mgeni Mwafrika akimsemesha mhudumu Mzungu wa mapokezi, akimkumbusha kwa adabu lakini kwa uthabiti kwamba wageni wale wapewe huduma inayowastahili, na yule mama akaomba radhi. Hapo ndipo Mandela alipotambua kwamba amefika katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Kilichomgusa ni jambo dogo la mapokezi. Haki ilikuwa imefika mpaka kwenye kaunta.

Miaka michache tu kabla ya hapo, mjini Iringa, serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga shule ya bweni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikaiita St Michael's and St George's. Majina ya watakatifu wawili yaliwekwa kwenye lango ambalo mtoto wa Kihehe hakuweza kulipita kama mwanafunzi. Baada ya uhuru shule hiyo ikawa Mkwawa. Tunajifunza kwamba jina takatifu halitakasi mlango uliofungwa.

Nani alisimamia mabadiliko hayo? Wengi, lakini mmoja wao tunamwombea leo atangazwe mwenye heri: Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Tunasimulia kwamba alikuwa mtu wa Misa, na ni kweli. Tunasahau Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Ilikuwa rahisi kwake kukubali, maana Waafrika ndio waliokuwa wengi na ndio waliokuwa wameonewa. Badala yake alikasirika, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Aliwaonya kwamba wakianza kusema watu wote ni sawa isipokuwa wenye rangi fulani, kesho watasema isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waislamu. Aliweka cheo chake mezani kwa ajili ya jirani asiyefanana naye. Mtu anayeomba kwa maombezi ya Mwalimu bila kukumbuka siku ile amechukua rozari yake na kuacha msalaba wake.

Najua kuna watakaosema kazi ya Kanisa ni kusali, mambo ya haki tuwaachie wanasiasa. Nawajibu kwa Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili. Petro alikuwa mtu wa sala. Tena alikuwa ameonyeshwa katika maono kwamba asimwite mtu yeyote najisi. Lakini alipofika Antiokia, aliogopa macho ya watu, akajitenga na meza ya Wakristo wa mataifa. Paulo alimpinga mbele ya wote. Maono ya Petro hayakumwokoa na woga wake mezani. Alihitaji ndugu wa kumkemea.

Wako pia wanaosema kinyume, kwamba sala ni kupoteza muda, tufanye semina na miradi. Hao nao wapitie tena Matendo sura ya sita. Mitume walisali kabla ya kuweka mikono, kwa sababu aliyepokea upawa bila sala naye anaweza kuwasahau wajane wa upande wa pili. Aliyeonewa jana anajua kuonea kesho. Hilo ndilo Mwalimu aliloliona Bungeni.

Sasa turudi hapa Uyole, mahali ambapo barabara ya Zambia inaachana na ile ya Tukuyu na Malawi. Dunia nzima inapita mbele ya milango yetu. Mgeni Mzungu akiingia kanisani hata akiwa amechelewa, anasogezewa kiti cha mbele. Dereva wa lori kutoka Kongo akija na nguo za safari, anasimama mlangoni. Kwenye igizo la Noeli malaika anatafutwa mtoto mweupe, na anayeigiza shetani anapakwa masizi. Binti zetu wanajichubua kwa mkorogo, halafu tunawalaumu kana kwamba hawakujifunza popote kwamba weupe ni uzuri. Mwenye ualbino naye anaambiwa amerogwa, au anaguswa kichwa kama hirizi. Haya yote ni mambo ya rangi, na hakuna Mmarekani anayehusika.

Kuna pia vijana wa Ethiopia wanaokamatwa mara kwa mara mkoani mwetu wakielekea kusini. Juni 2012 wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao kutoka Ethiopia, walikutwa wamekufa ndani ya lori mkoani Dodoma kwa kukosa hewa. Wengi katika nchi yao ni Wakristo wa Kanisa la kale kuliko letu. Tunawaita haramu kwa urahisi wa ajabu, kana kwamba neno hilo ni kabila. Tangu mwaka 2015, tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josefina Bakhita wa Sudan aliyeuzwa utumwani, Kanisa lote linasali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Hapa njia panda siku hiyo ilipaswa kuwa kubwa kuliko penginepo.

Napendekeza mambo machache, nayo hayahitaji mfadhili. Maombi ya Waamini yaandikwe na Jumuiya Ndogo Ndogo kwa zamu, na angalau ombi moja litaje dhambi ya papa hapa, kwa kosa lake, bila jina la mtu. Wahudumu wa mlangoni wafundishwe kumpokea dereva kama wanavyompokea mfadhili. Mwalimu wa watoto ampe mtoto mweusi tii mabawa ya malaika. Kamati ya Haki na Amani ya parokia, ikisikia kuna wahamiaji wameshikiliwa, iulize kama wamekula. Na katika uchaguzi ujao wa viongozi tuhesabu bila haya: Wasafwa ni wenyeji wa eneo hili, wangapi wamo katika halmashauri ya parokia? Wageni waliohamia karibuni, wangapi wanashika ufunguo wa chochote?

Luka anaimalizia habari ya wale saba kwa kusema kwamba neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana mjini Yerusalemu. Anaeleza hayo baada ya mgawo wa chakula kurekebishwa.