Sindano ya Mshipa: Mshipa Upi?

Tumeletewa tuihakiki tafsiri ya kijikaratasi kinachowaeleza wagonjwa tiba ya maumivu ya mgongo yashukayo mguuni. Sarufi yake haina dosari. Kasoro imo katika istilahi moja, nayo ndiyo ibebayo maana yote: “sindano ya mshipa”.

Katika zahanati zetu, sindano ya mshipa ni ile ipitishayo dawa katika damu. Tena mshipa waweza kuwa wa damu au wa fahamu, na kwa wengine ni ugonjwa wa ngiri au busha. Dawa inayozungumziwa hapa, aghalabu steroidi pamoja na dawa ya ganzi, haitiwi katika mshipa wowote kati ya hiyo. Huwekwa nje ya utando unaozunguka ugwe wa mgongo, karibu na shina la neva, ili kupunguza uvimbe. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba, kwa nadra, sindano hizo zimeleta upofu na kupooza. Basi mgonjwa atiaye sahihi chini ya maneno “sindano ya mshipa” ameridhia nini?

“Diski iliyoteleza” nayo ni kivuli cha Kiingereza. Diski haitelezi; Mixter na Barr walikwisha kuonyesha mwaka 1934 kwamba hupasuka, kiini chake kikatokeza na kuibana neva. “Diski iliyotokeza” yatosha.

Kwa sindano twapendekeza “sindano ya nje ya utando wa ugwe”. Ni ndefu, na wauguzi watanung’unika. Mfasiri alitaka aeleweke upesi, wala hatumlaumu kwa hilo. Ila kijikaratasi kisichapwe kabla “mshipa” halijaondolewa.