Beringi Iliyouawa kwa Nyundo

Jirani yangu hapa Luberizi, motari, yaani dereva wa pikipiki, wa siku nyingi kwenye barabara ya taifa namba 5, alikuwa amebadilishiwa beringi za gurudumu la mbele mara mbili ndani ya miezi mitatu. Alilaumu vumbi la bonde la Ruzizi, kisha akalaumu rulma zenyewe, kama tunavyoziita huku, kwamba ni za bandia. Jumamosi tukalifungua gurudumu uani kwake, polepole, tumjue mwenye kosa.

Tuliweka gogo chini ya injini, tairi la mbele likaning'inia. Nikalishika juu na chini, nikalisukuma na kulivuta: likacheza. Nikalizungusha, likatoa mlio kama mchanga kwenye jiwe la kusagia. Tukalegeza kebo ya breki na ya spidi, tukafungua nati, tukachomoa ekseli.

Nilipotia kidole kwenye tundu la beringi na kuzungusha pete ya ndani, ilikwama kidogo, ikaachia, ikakwama tena, kwa nafasi zinazolingana. Hapo nikajua. Vumbi hukwaruza njia ya gololi kote, halichagui mahali. Vishimo vilivyopangana kwa umbali mmoja ni alama za gololi zenyewe, zilizokandamizwa kwenye chuma kwa pigo. Beringi hii hubanwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa pete yake ya nje. Ukiigonga kwenye pete ya ndani wakati wa kuiingiza, nguvu yote ya nyundo hupitia kwenye gololi. Ilikufa kabla pikipiki haijatoka kwa fundi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Katikati ya beringi mbili hukaa kibomba kifupi cha chuma, kazi yake kuzizuia pete za ndani zisisogeleane nati ya ekseli inapokazwa. Hakikuwamo. Bila hicho, kila ukikaza nati unaziminya beringi kwa ubavu. Zinapata moto, grisi inalainika na kutoka. Tulikikuta ndani ya kopo la misumari, kizima kabisa.

Beringi mpya ilikuwa na namba 6301-2RS. Namba hiyo inasomeka: 01 ya mwisho ni tundu la milimita 12 (02 ingekuwa 15), na 2RS maana yake ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Kipenyo chake cha nje ni milimita 37. Kwa njia yetu ya vumbi na mito, mpira unafaa kuliko kifuniko cha bati chenye alama ya ZZ.

Beringi za zamani zilipotoka, ikabaki kusafisha kitovu. Huku esansi, yaani petroli, ndiyo sabuni ya mafundi, lakini niliikataa, maana mbabula ya makaa ilikuwa inawaka jikoni. Sange ni jirani yetu, na tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka pale, likawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Kitovu tulikipangusa kwa kitambaa kikavu, tukahakikisha grisi haigusi viatu vya breki.

Kisha tukakimwagia maji ya moto na kukifuta haraka. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa joto la nyuzi 60 zaidi, tundu la milimita 37 linafunguka kama milimita 0.05. Ni kidogo, lakini inatosha nyundo isitumie hasira. Tuliilaza beringi ya zamani juu ya mpya, pete ya nje juu ya pete ya nje, tukagonga kwa zamu kuzunguka ukingo. Mlio ulikuwa mzito, halafu ghafla ukawa mkali: imefika ukutani. Tukageuza gurudumu, tukatia kibomba, tukaingiza beringi ya pili mpaka pete yake ya ndani ikakigusa tu. Hapo unaacha. Pigo moja la ziada linarudisha ugonjwa uleule.

Baada ya kukaza nati, gurudumu lilizunguka kimya, na nilipolisukuma halikucheza.

Ndugu motari, ukienda Uvira kununua rulma, chukua ile ya zamani mfukoni usome namba yake. Fundi anapofungua gurudumu lako, simama karibu ukione kibomba kimerudi ndani. Kisiporudi, usimlipe.